Tuwapeleke wazee kuona nini katika Art Institute ya Chicago msimu wa sikukuu?

Mama Salma aliuliza:

Ndugu zangu mlioko Chicago na vitongoji vyake, nawasalimu. Wakwe zangu wanatarajiwa kuwasili kutoka Tanga katikati ya Desemba, na watakaa nasi hadi baada ya Mwaka Mpya. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu wa historia, naye ameshanieleza kwa simu kwamba madukani hataki kupelekwa. Anataka kuliona lile jumba la sanaa lenye simba wawili mlangoni, yaani Art Institute. Mama mkwe hana neno, ila magoti yake hayamruhusu kusimama kwa muda mrefu. Watoto wetu wana umri wa miaka kumi na sita, tisa na mitano, kwa hiyo kila mmoja atachoka kwa wakati wake.

Nimesoma matangazo ya jumba hilo nikabaki na maswali. Kwanza, sijaelewa ni kazi zipi zipo pale mwaka mzima na zipi huja na kuondoka, maana sipendi kumwahidi mzee picha fulani kisha tukute ukuta mtupu. Pili, naona kwamba wakati wa sikukuu huonyeshwa pango kubwa la Noeli, yaani mandhari ya sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, kutoka Napoli ya Italia, na vyumba fulani vidogo hupambwa. Nyumba yetu ina dini mbili na tumezoea kuheshimiana, lakini wakwe zangu ni Waislamu washika dini, na nisingependa wahisi kwamba nimewapeleka kwenye ibada ya watu wengine bila kuwaambia. Je, pango hilo limewekwa kwa namna gani? Tatu, ikiwa tutapata saa tatu tu, ninyi mngeanzia wapi? Suala la kiingilio nalo si dogo kwa familia ya watu saba.

Baraka alijibu:

Dada Mama Salma, Mungu awafikishe wazee salama. Nianze na kiingilio, kwa sababu ndicho kinachowakatisha watu tamaa kabla hata hawajatoka nyumbani. Watoto walio chini ya miaka 14 hawalipi, na vijana wakazi wa Chicago walio chini ya miaka 18 hawalipi pia, kwa hiyo wanenu wote watatu wataingia bure mradi mnaishi ndani ya mji wenyewe. Kwa wakazi wa Illinois huwa kuna siku za kuingia bure, nyingi zikiangukia siku za kazi katika majira ya baridi. Siku hizo zitakufaa wewe na mumeo, lakini wazee watahesabiwa kuwa wageni. Jumba hufungwa Jumanne na Jumatano, na pia siku ya Krismasi na ya Mwaka Mpya. Alhamisi huwa wazi hadi saa mbili usiku, nami ningechagua jioni hiyo kuliko Jumamosi yoyote ya Desemba.

Mzee atawaona wale simba bila tiketi, kwani wako nje upande wa Michigan Avenue. Ni wa shaba, kazi ya mchongaji Edward Kemeys, na walizinduliwa Mei 1894. Kila mmoja ana uzito wa zaidi ya tani mbili. Mwishoni mwa Novemba, baada ya Sikukuu ya Shukrani, huvishwa mashada ya majani mabichi shingoni, na wenyeji wengi huhesabu kwamba msimu wa sikukuu umeanza siku hiyo. (Timu za mji zinapofika fainali, simba haohao huvishwa kofia za wachezaji. Walivishwa za besiboli mwaka 2005 na tena 2016, na sijasikia mtu akilalamika kwamba heshima ya sanaa imeshushwa.) Mkishapiga picha, msipande zile ngazi za mbele. Zungukeni kona hadi Monroe Street, ambako lango la jengo jipya lililosanifiwa na Renzo Piano na kufunguliwa mwaka 2009 liko usawa wa barabara. Ulizeni kiti cha magurudumu mara tu mnapoingia. Hutolewa bila malipo, na mama mkwe asione haya kukikalia, kwani njia ndani ya jumba lile ni ndefu kuliko mtu anavyodhani.

Kwa mwalimu wa historia, kuna jambo ambalo lingemfurahisha kabla hata hajaona picha moja. Jengo la zamani lilikamilika mwaka 1893, mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago, na kabla ya kukabidhiwa kwa jumba la sanaa lilitumika kwa makongamano. Bunge la Dini za Dunia lilikutana humo mwezi Septemba mwaka ule. Swami Vivekananda kutoka India alihutubia hapo, na aliyeuzungumzia Uislamu alikuwa Mmarekani aliyesilimu, Mohammed Alexander Russell Webb. Kwa hiyo wakwe zako hawatakuwa Waislamu wa kwanza kuingia humo wakiwa na hofu kidogo kuhusu watakachokikuta.

Mwalimu Zuhura alijibu:

Mama Salma, mimi ni Mwislamu wa Mombasa na nafundisha sanaa, na swali lako la pili nimeulizwa mara nyingi na wazazi wa wanafunzi, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa urefu.

Pango hilo halikuwekwa kwa ajili ya ibada. Hakuna mishumaa wala sala, na hakuna anayekutazama iwapo umeinamisha kichwa au la. Ni kazi ya mafundi wa Napoli ya katikati ya karne ya 18, iliyonunuliwa na jumba mwaka 2013, na imepangwa ndani ya kabati kubwa la mtindo wa Baroko lenye mandhari iliyochorwa nyuma yake. Ina sanamu zaidi ya 200, wakiwamo wanyama 50, pamoja na vyakula na vinywaji 41 vilivyotengenezwa kwa ukubwa unaolingana na watu wake. Vichwa vya sanamu za aina hii ni vya udongo uliochomwa na kupakwa rangi, mikono na miguu ni ya mbao, na miili ni viunzi vya waya vilivyoviringishiwa nyuzi, ndiyo maana fundi aliweza kumkunja mtu kiuno au kumwinua mkono kadiri alivyopenda. Mavazi yalishonwa kwa vitambaa halisi, hariri ikiwamo.

Kilichowafanya watu wa Napoli wa zama zile wapoteze fedha nyingi kwa mapango haya si uchaji peke yake. Carlo wa nasaba ya Bourbon, aliyeitawala Napoli kuanzia mwaka 1734, alikuwa mpenzi mkubwa wa mapango, na matajiri wakaanza kushindana ni nani atamwalika mgeni atazame lililo kubwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba ile familia takatifu ikawa sehemu ndogo ya mandhari, na fundi akaupeleka ustadi wake kwa wachuuzi, walevi wa mkahawani, wapiga zumari waliotoka milimani, ombaomba, na nyama zilizoning'inizwa mlangoni. Ukilitazama kwa makini utauona mji wa bandari wa Napoli kuliko utakavyouona Bethlehemu. Mama mkwe aliyekulia Tanga, mji wa bandari pia, atakuwa na mengi ya kusema kuhusu bei ya samaki na ulafi wa wenye mkahawa, na nadhani mwalimu wetu wa historia atasimama hasa penye msafara wa Mamajusi, wale wageni wa mashariki waliokwenda kumwona mtoto Yesu, kwa sababu mafundi wa Napoli walitumia msafara ule kuonyesha kila sura ya mgeni waliyewahi kumwona au kumsikia: Waturuki wenye vilemba, watu wa Kaukasi, na Waafrika waliovishwa kifahari. Napoli ilifanya biashara na nchi za Waislamu, na ilikuwa na watumwa kutoka ng'ambo ya bahari. Fahari ile ya mavazi haina budi kutazamwa kwa jicho linalojua hayo, na kijana wako wa miaka kumi na sita ana umri wa kuelezwa.

Kwa ufupi, waambie mapema ni kitu gani, kisha waachie waamue. Wazazi wangu walikwenda. Baba alisema tu kwamba mbuzi wametengenezwa vizuri.

Kuhusu swali la kwanza, jumba lina kazi zipatazo 300,000, na zilizotundikwa kwa wakati mmoja ni sehemu ndogo. Picha za mafuta kwenye turubai zinavumilia mwanga, kwa hiyo nyingi zilizo maarufu hukaa mahali pake mwaka mzima. Karatasi na nguo hazivumilii: rangi hufifia, nyuzi huoza, na uharibifu huo haurudishwi. Ndiyo sababu picha zilizochapwa kwa mbao, picha za kamera na vitambaa huonyeshwa kwa miezi michache kisha hurudishwa gizani. Jumba hilo linamiliki nakala tatu za lile wimbi kubwa la Hokusai la Japani, na bado waweza kwenda mara nyingi usiione hata moja. Kwa hiyo usimwahidi mzee kitu chochote kilicho juu ya karatasi kabla ya kuhakikisha.

Ambacho unaweza kumwahidi bila wasiwasi ni ile picha ya Georges Seurat ya Jumapili katika kisiwa cha La Grande Jatte, iliyochorwa kati ya 1884 na 1886. Hiyo haitoki. Mwaka 1958 iliazimwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York, moto ukazuka ikiwa humo, ikabidi ihamishiwe haraka jengo la jirani, na tangu hapo Chicago haijaiazimisha tena. Ina upana wa zaidi ya mita tatu, na yote imejengwa kwa nukta na miguso midogo ya rangi safi zilizowekwa kando kando ili jicho lenyewe lizichanganye. Mpeleke mtoto wa miaka tisa karibu kadiri mlinzi atakavyoruhusu, kisha mrudi nyuma polepole. Anayefanya hivyo mara moja hahitaji tena mhadhara wa mwalimu. Mzee naye mwambie kwamba zipo nukta zilizokuwa njano kali ambazo leo ni kahawia, kwani rangi ya njano yenye zinki aliyoitumia Seurat ilianza kubadilika akiwa bado hai.

Kalala wa Lubumbashi alijibu:

Mama, nawaheshimu Kaka Baraka na Mwalimu, lakini nashangaa kwamba wazee wanatoka Afrika Mashariki na hakuna aliyetaja Afrika. Jumba hilo lina sehemu yake ya sanaa ya Afrika, na mimi ningewapeleka huko kabla ya kuwapeleka Napoli, wakati bado wana nguvu.

Nasema hivyo si kwa sababu ya fahari ya nyumbani tu. Kuanzia Novemba 2022 hadi Februari 2023 palikuwa na maonyesho makubwa yaliyoandaliwa na Constantine Petridis, msimamizi wa sanaa ya Afrika pale, kuhusu uzuri kama walivyouelewa watengenezaji na watumiaji wa vitu hivyo wenyewe, badala ya kuupima kwa macho ya wachoraji wa Paris waliovikusanya mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi nyingi zilitoka Kongo. Niliposimama mbele ya kiti cha Kiluba kinachobebwa na sanamu ya mwanamke mwenye chale mwilini, nilifahamu kwamba watu wengi waliokuwa wakipita walikiona kuwa ni kiti kilichopambwa, ilhali chale zile ni kumbukumbu ya ukoo na ya utawala, na mwanamke yule anaubeba ufalme wenyewe. Mwalimu wa historia atalielewa hilo haraka kuliko msomaji wa vibao vya maelezo. Atauliza pia vitu hivi vilitokaje kwetu, na swali hilo ni halali. Vingi vilivyo katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani viliondoka Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na baadaye chini ya serikali ya Ubelgiji, vingine kwa kununuliwa, vingine kwa nguvu, na mara nyingi maelezo ya ukutani hutaja jina la tajiri aliyekitoa kitu na kunyamaza kuhusu fundi.

Maonyesho ya muda ndiyo yanayobadilika zaidi, kwa hiyo tazameni ratiba wiki mnayokwenda. Kuanzia Desemba 2024 hadi Machi 2025 palikuwa na maonyesho kuhusu Umajumui wa Afrika yenye vitu zaidi ya 350, tangu miaka ya 1920 hadi leo. Wazee waliosikia hotuba za Mwalimu Nyerere redioni wangekaa humo siku nzima. Wamechelewa, lakini maonyesho ya namna hiyo hayaji peke yake, na huenda wakakuta jingine lenye kuwagusa.

Mwalimu Zuhura alijibu:

Ndugu Kalala, hoja yako naipokea, na ningeongeza kwamba mwaka 2017 jumba la sanaa la Krannert, lililo katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Champaign, lilifungua maonyesho ya sanaa za Waswahili katika Bahari ya Hindi, yaliyoandaliwa na Prita Meier na Allyson Purpura. Baadhi ya vitu viliazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kutoka Oman. Palikuwa na mbao za milango zilizotiwa nakshi, viti vya enzi, mapambo ya fedha, kanga, na picha zilizopigwa studio Zanzibar na Mombasa. Baadaye yalikwenda Washington na Los Angeles. Nakumbuka nilivyokasirika kwamba hayakupitia Chicago, ambako Waswahili tupo.

Hata hivyo sikubaliani nawe kwamba wazee waanzie Afrika kwa kuwa wametoka Afrika. Mtu anaposafiri kutoka Tanga hadi Chicago ana haki ya kuona kwanza asichokuwa nacho kwao. Kama ni kuchagua picha za Kimarekani, mimi ningemwonyesha mzee Nighthawks ya Edward Hopper na Nightlife ya Archibald Motley kwa pamoja. Ya kwanza, ya mwaka 1942, ni mkahawa usiku wa manane wenye watu wanne wasiozungumza. Ya pili, ya mwaka uliofuata, ni ukumbi wa Bronzeville, mtaa wa Weusi wa mji huuhuu, na watu wanacheza, wanakunywa na kubishana chini ya taa nyekundu. Motley alikuwa Mmarekani Mweusi aliyesomea shule ya sanaa ya jumba hilohilo. Nchi ilikuwa vitani picha zote mbili zilipochorwa, na mwalimu wa historia hatahitaji msaada wangu kulinganisha.

Kalala wa Lubumbashi alijibu:

Kwa Motley nakubali.

Mama Salma aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Suala la pango nimemsomea mume wangu, naye amesema baba yake atapenda hasa habari za Mamajusi na bandari. Limebaki jambo la vile vyumba vidogo. Je, vinafaa kwa mtoto wa miaka mitano, na vinapambwa vyote?

Baraka alijibu:

Vinafaa, ila itabidi mtu mzima ambebe au amwinue, kwa sababu vimepachikwa ukutani nyuma ya vioo kama madirisha. Viko ghorofa ya chini, kwa hiyo tumieni lifti. Ni vyumba 68 vilivyotengenezwa na mafundi stadi kati ya mwaka 1932 na 1940 chini ya uongozi wa Narcissa Thorne, mke wa tajiri wa Chicago. Kila kitu ni sehemu moja ya kumi na mbili ya ukubwa wa kweli, kuanzia viti na mazulia hadi vinara vya taa, na nyuma ya madirisha kuna bustani au barabara yenye mwanga wa asubuhi au wa jioni. Vya Ulaya vinaanzia mwishoni mwa karne ya 13 na vya Marekani vinaanzia karne ya 17.

Havipambwi vyote, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Wanaovipamba hutafiti kwanza desturi za nchi na za zama husika. Sebule ya Kiingereza ya zama za Malkia Victoria hupata mti wa Krismasi, kwa sababu desturi hiyo ilienea Uingereza wakati wa utawala wake. Na katika chumba cha Kimarekani cha karne ya 20 nimewahi kuona kinara cha Hanuka cha Wayahudi, kidogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha. Lakini kipo chumba cha Massachusetts cha miaka ya 1675 hadi 1700, na walowezi Wapuritani wa huko, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walikuwa wamepiga marufuku kabisa kuadhimisha Krismasi. Sheria yao ya mwaka 1659, iliyofutwa 1681, ilimtoza faini ya shilingi tano aliyeiadhimisha. Baba mkwe akiuliza kwa nini mahali pale hapapaswi kuwa na hata jani moja, mnalo jibu.

Kwa saa tatu zenu, basi, ningepanga hivi. Kwa kuwa mtaingilia jengo jipya, pitieni kwanza Afrika kama Ndugu Kalala anavyotaka, kisha mpande lifti hadi kwa Seurat. Magoti yakianza kulalamika, mtafuteni Marc Chagall: madirisha yake ya vioo vya buluu, aliyoyatoa mwaka 1977, yana mahali pa kukaa karibu, na watu wazima hukaa hapo muda mrefu bila aibu. Motley na Hopper wafuate baada ya mapumziko, na pango na vyumba vya Thorne viwe vya mwisho, kwa sababu mtoto aliyechoka huamshwa na vitu vidogo. Pango na mapambo huondolewa mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo msiisogeze ziara hadi wiki ya mwisho ya wazee. Chukueni Alhamisi ya kwanza baada ya wao kupumzika safari, mwingie saa kumi alasiri, na koti zito liachwe pale pa kutunzia mizigo. Ndani kuna joto kuliko watakavyotarajia.